Punje Katika Chupa ya Jemu

Nilipofungua mlango wa chini wa kabati ya Mama, wiki mbili baada ya kumzika, kilichonipokea kwanza kilikuwa harufu. Haikuwa harufu ya nondo wala ya vikombe vya wageni vilivyokaa miaka bila kuguswa. Ilikuwa ile dawa kali ya hospitali ya kuhifadhia vitu visioze, inayopanda puani na kukutoa machozi kabla hujaamua kulia. Nikajua pale pale kwamba hakuwahi kuitupa. Nyumba tatu tulizohama, paa lililovuja, mafuriko yaliyobeba mpaka viatu vya shule, na muda wote huo Mama alikuwa akihama na chupa ya jemu yenye kitu kilichotolewa shingoni mwangu. Ilikuwa nyuma ya birika, imeviringwa kitambaa cha meza, kifuniko kimeshika kutu, maji yamepungua nusu. Nilikaa sakafuni nayo mapajani, na badala ya kumlilia mama yangu nikamkasirikia.

Nyinyi mliokulia Kisumu miaka ile mtanielewa nikisema tulizungukwa na watu waliojua kila kitu. Ukiumwa jino, foleni nzima ya mfereji ilikuwa na dawa. Mtoto akichelewa kutembea, foleni hiyo hiyo ilijua mama yake alikosea wapi. Mimi nilitokwa na uvimbe shingoni, chini ya sikio la kulia, na kwa karibu mwaka mzima kila mtu alikuwa na maelezo yake isipokuwa mimi mwenye shingo, ambaye hakuna aliyeniuliza. Lakini nisijitakase. Siku nilipoulizwa, nilidanganya.

Tulikaa kwenye nyumba za manispaa, vyumba viwili viwili vilivyopangwa kwa mstari, mfereji mmoja kwa mstari mzima. Baba alikuwa karani bandarini, mtu wa kalamu mbili mfukoni na maneno machache mdomoni. Mlango wa pili alikaa Mama Wambui. Alikuja na mumewe kutoka Nyeri kufanya biashara, mume akafa, yeye akabaki na biashara. Aliuza viazi na kabichi sokoni, na Wambui mwenyewe, binti yake, alikuwa huko Nyeri kwa nyanya yake. Sisi tulimjua kwa picha tu, msichana wa umri wangu aliyekunja uso kwa sababu ya jua. Mama Wambui hakujua Kijaluo zaidi ya salamu, na Mama hakujua Kikuyu hata salamu, kwa hiyo urafiki wao wote ulifanyika kwa Kiswahili, kibovu pande zote mbili. Alasiri walikaa kwenye kizingiti, Mama akichagua mchanga kwenye omena, dagaa wetu wa ziwani, mwenzake akimenya viazi, wakicheka mambo ambayo mpaka leo sijui yalichekesha nini. Mimi nilikuwa nakaa katikati, na Mama Wambui alinipa kiazi cha moto chenye chumvi, akanitazama nikikila mpaka mwisho. Sasa mimi ni mama, najua alikuwa akimtazama nani.

Halafu kulikuwa na Sajini. Sheria ya nyumba zile ilikuwa wazi: hakuna mbwa. Baba alikuwa mtu wa sheria katika mambo yote ya dunia isipokuwa hilo. Mbwa yule alimfuata kutoka bandarini siku moja, hatua tatu nyuma yake, amenyooka kama askari, na Baba akageuka mlangoni akamwambia, "Haya, Sajini, ingia." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote aliyosema wiki hiyo. Askari wa manispaa walikuwa wakija kukagua nyumba bila kutoa taarifa. Wakionekana tu mwanzo wa mstari, Mama Wambui alifungua mlango wa chumba chake cha nyuma, Sajini akaingia mwenyewe, akalala katikati ya magunia ya viazi, kimya. Askari wakiuliza, yeye alisimama mlangoni na kisu cha kumenyea mkononi. "Mbwa gani? Hapa iko mimi na viazi tu." Walicheka wakaenda. Hakuna hata siku moja Baba alimwomba afanye hivyo.

Nilimpenda mbwa yule kuliko adabu. Tulikula mkate mmoja, kipande changu, kipande chake, kipande changu. Nililala nimeweka kichwa ubavuni mwake, na nikimaliza ugali nilifuta mikono kwenye manyoya yake, kisha nikaendelea kunyonya vidole. Mama aliliona hilo kila siku, na aliniambia kila siku kwamba nitachafua gauni.

Na sasa nitaje kondoo, kwa sababu bila kondoo hakuna kisa. Likizo moja tulikwenda kwa Dani, nyanya yetu, huko Seme karibu na ziwa, tukamkuta ana kondoo anayezunguka. Kondoo yule alikuwa anazunguka upande mmoja tu, wa kushoto, kutwa nzima, kichwa kimeinama, mpaka akachimba duara kwenye nyasi. Sisi watoto tulizunguka nyuma yake mpaka tukaanguka kwa kucheka. Dani alisema ameingiwa na kichaa na hatafika wiki ijayo, basi akachinjwa, na sisi tulirudi mjini na mguu mmoja na kichwa. Nyama ya kichwa tulikula. Ubongo Mama alikataza, kwa sababu alilelewa akijua kwamba mtoto akila ubongo wa kondoo atakuwa mpumbavu darasani. Kwa hiyo Baba alipasua fuvu kwa shoka nyuma ya nyumba, na Sajini akala ubongo wote, akalamba na fuvu. Tulimsimamia tukimcheka kwamba sasa yeye ndiye atakayekuwa mpumbavu.

Sikumbuki ni muda gani ulipita. Nakumbuka Mama ananisuka nywele, nimebanwa katikati ya magoti yake, na vidole vyake vikasimama. Aligusa tena. "Hii ni nini?" Palikuwa na kitu kama punje ya mahindi chini ya ngozi, hakiumi, kinateleza ukikisukuma. Alimwita Baba, Baba akagusa, akasema kitapotea. Hakikupotea. Kilipofika ukubwa wa njugu, foleni ya mfereji ilikuwa imekwisha kukiona.

Kwetu kuna kitu kinaitwa sihoho, jicho baya. Husemwa kwamba mtu mwenye jicho hilo akikutazama unapokula, chakula hakiendi tumboni. Kinapotea njia, kinakwama mwilini chini ya ngozi, na kitakaa pale kikikudhuru mpaka apatikane mtu ajuaye kukitoa. Mwanamke mmoja wa mstari wa pili ndiye aliyelisema kwanza, akijaza debe lake taratibu. "Huyo mtoto hula kwa mlango wa nani kila siku?" Mama alimjibu kwamba mwenye mlango huo ni rafiki yake, na akaondoka na ndoo ambayo haijajaa. Nataka hilo lijulikane, kwamba mwanzoni alikataa. Lakini uvimbe ulikuwa unakua, na hofu ya mama haina subira. Siku moja alinivuta ndani akafunga mlango. "Usile tena mbele ya Mama Wambui. Hata maji usinywe." Niliuliza kwa nini. Akaniambia kwa nini.

Basi mimi nikaelewa kwa akili yangu ya miaka minane. Shingoni mwangu kulikuwa na kiazi. Nilikuwa nimeona viazi vya Mama Wambui vilivyokaa sana gizani, jinsi vinavyotoa vichipukizi vyeupe vinavyotafuta mwanga, na nikahesabu kwamba changu nacho kiko gizani. Kila asubuhi nilipanda kiti nikachungulia sikio langu kwenye kioo cha Baba cha kunyolea, nione kama jani limeanza kutokeza. Niliacha kunywa maji mengi ili nisikimwagilie. Hayo yote niliyafanya kimya, kwa bidii, na hakuna mtu mzima aliyegundua chochote, wote wakiwa wameshughulika na kujua.

Mama Wambui aligundua. Alinyoosha kiazi, nikaficha mikono nyuma.

"Leo umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Na jana ulikuwa umeshiba."

Alimtazama Mama. Mama aliinama kwenye omena zake akachagua mchanga ambao haukuwepo.

Nilipelekwa mara tatu kwa bibi mmoja aliyekaa ndani ndani huko upande wa Maseno, aliyesifika kwa kutoa. Alinipaka samli shingoni, akaweka jani, akabana kwa midomo yake akavuta mpaka nikaona nyota, kisha akatema kwenye kibuyu kilichokatwa. Mama alichungulia. Mara ya kwanza palikuwa na punje za mahindi. Mara ya pili palikuwa na kipande cha nyama, na hapo mimi sikuweza kuvumilia. "Mama, nyama tulikula lini?" Maana nyumbani ilikuwa omena Jumatatu na omena Ijumaa. Akanifinya. Mara ya tatu palitoka nyama tena, na ngozi yangu ilikuwa imechubuka, na uvimbe ulikuwa pale pale, mkubwa kuliko tulipoanza. Bibi alisema aliyeniangalia ana jicho zito, bado anaendelea kuniangalia. Tukarudi nyumbani, na Mama akaning'iniza pazia mlangoni.

Sasa uvimbe ulikuwa kama yai dogo. Shingo haikugeuka. Mwalimu aliniita kutoka upande wa kulia, nikageuka mwili mzima kama mlango, akadhani namfanyia mzaha, nikachapwa. Jioni hiyo Baba aliona alama za fimbo, akaona na jinsi nilivyokuwa nalala nimeketi kwa kuegemea ukuta, akaweka kalamu zake mezani. "Kesho hospitali." Mama alianza kusema kitu kuhusu bibi wa Maseno. Baba akarudia maneno yale yale mawili, na kwa mtu kama yeye kurudia ilikuwa sawa na kupiga kelele.

Daktari alikuwa Mhindi mwembamba, mikono baridi, aliyewahi kufanya kazi Uganda. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeshika uvimbe ule bila kutoa maelezo. Alibonyeza, akauzungusha, akafunga dirisha, akauwekea tochi upande mmoja na kutazama upande wa pili. Nilimwona Baba akijaribu kuchungulia naye.

"Ndani iko maji," alisema. "Sitatoboa na sindano. Ikipasuka ndani, inaweza kumea tena. Natoa yote, nzima."

"Hakuna dawa ya kunywa, daktari?" Baba aliuliza.

"Kwa hii kitu bado hakuna. Dawa yake ni kisu."

Nilifunikwa uso kwa kitambaa chenye harufu tamu ya kuchefua, nikaambiwa nihesabu, na nikafika saba. Nilipoamka nilitapika, nikalala, nikaamka tena. Shingo ilikuwa imefungwa bandeji mpaka begani. Baba na Mama walisimama upande mmoja wa kitanda na daktari upande wa pili, ameshika kisahani cha bati kama mtu aliyeshika keki. Alikuwa na furaha, na furaha ile ilimkera Mama tangu mwanzo.

Alikiinamisha ili tuone. Kilikuwa kifuko chembamba, cheupe, laini, kama yai ambalo kuku ametaga bila ganda. Ndani mlikuwa na maji safi. Na kwenye ukuta wake, kwa ndani, palikuwa na punje. Punje nyeupe ndogo, zimejikusanya mafungu mafungu, nyingi, kila moja kama punje ya mtama uliokobolewa. Nilitafuta kiazi changu sikukiona, nikavunjika moyo kidogo.

"Hii ni mtoto ya mnyoo," daktari alisema. "Mnyoo mwenyewe, ile mrefu kama utepe, inakaa kwa tumbo ya mbwa. Mayai inatoka na mavi, inashika kwa manyoya, mtoto anashika mbwa, anakula bila kunawa. Kawaida hii kitu inaingia kondoo. Kwa mtu ni nadra sana. Mimi nimeona mbili tu, zote Uganda. Hizi nyeupe zote ni vichwa." Mimi nikazitazama tena punje zile nikitafuta macho na midomo. "Mshukuru Mungu ilikaa shingoni. Ingeingia jicho, au kwa ubongo, tungekuwa na maneno mengine." Kisha akamgeukia Baba. "Nyumbani iko mbwa?"

Hapa ndipo ninaporudi kila mara, na kila mara nachoka upya. Swali lilikuwa moja, rahisi, limeulizwa vizuri. Baba alitazama ukuta. Alikuwa karani, alijua kinachosemwa hospitalini huandikwa, na kinachoandikwa husomwa. "Hapana, daktari. Ni nyumba ya manispaa. Mbwa hairuhusiwi."

Daktari akaniinamia mimi. "Na wewe, mtoto? Unacheza na mbwa ya jirani? Mbwa yoyote?"

Niliona mkono wa Baba umeshika chuma cha kitanda. Niliona askari wa manispaa wakimburuta Sajini kwa kamba. Sikumwona Mama Wambui kabisa, hakunijia akilini hata kidogo. "Hapana," nikasema.

Alikunja uso, akaandika kitu. "Basi mimi sijui ameitoa wapi."

Mama hakuulizwa. Alikuwa amekitazama kile kisahani muda wote, na sidhani kama alisikia neno lolote kuhusu mbwa, kwa sababu macho yake yalikuwa yameona punje. Punje halisi, baada ya mahindi na nyama zote za kibuyuni ambazo nadhani hata yeye moyoni alizitilia shaka. Sasa zilikuwa zimetoka kwenye kisu cha hospitali. "Umesikia?" alimwambia Baba kwa Kijaluo. "Hata yeye hajui. Huu ni mtama." Baba, ambaye angeweza kusema neno moja, hakulisema.

Mama alikataa kuondoka bila kile kitu. Kilichotoka kwenye mwili wa mtoto wake hakiwezi kuachwa mikononi mwa watu asiowajua, wakakifanyia wasichokijua. Daktari alibishana naye, akachoka, akakata kipande cha kupeleka kupimwa Nairobi, na kilichobaki akakitia dawa ndani ya chupa ya jemu ambamo Mama aliniletea uji. Ndiyo hii.

Chupa ilitembea mstari mzima. Mstari wa pili pia, na wa tatu, na nyuma ya kanisa Jumapili. Mama hakutaja jina la mtu, hilo atalitetea mbele ya Mungu, lakini hakuhitaji kulitaja. Aliinua chupa kwenye mwanga, wanawake wakahesabu punje, wakatazama ule mlango. Kabla ya mwezi kuisha watoto wa mstari wetu walikuwa wanafunika sahani kwa leso Mama Wambui akipita. Sokoni wateja wake walianza kuvuka upande wa pili. Mtu atanunuaje chakula kutoka mkononi mwa anayekipoteza njia?

Alikuja kwetu alasiri moja, amevaa vizuri, kama anayekwenda ofisini. Mimi nilikuwa kitandani na bandeji yangu, Sajini chini ya kitanda. Hakuketi.

"Mama Akinyi, nimeskia uko na kitu. Mimi pia nataka kuona."

Mama alisita, kisha akaileta. Mama Wambui aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda, akaigeuza.

"Hii ni nini?"

"Si unaona. Ni mtama."

"Mimi nauza viazi na kabichi. Mtama nitatoa wapi?"

Mama alinyoosha mkono arudishiwe chupa.

"Nimekupikia wakati ulizaa. Nimekula kwako, umekula kwangu. Uniambie kwa mdomo yako, Mama Akinyi, mimi nilimfanyia mtoto nini?"

Chini yangu Sajini alisikia sauti aliyoizoea, akaanza kupigapiga mkia kwenye ubao wa kitanda. Tuliusikia wote. Jibu lilikuwa pale chini, linapiga ubao, na mimi nilikuwa nimeambiwa waziwazi na mtu aliyesoma. Nilifungua mdomo. Nikafikiria kamba ya askari. Nikaufunga. Mama Wambui aliweka chupa mezani taratibu, akatoka.

Siku chache baadaye askari walionekana mwanzo wa mstari. Mama alisimama mlangoni hajui la kufanya na mikono yake. Sajini hakungoja ruhusa ya mtu, alikwenda moja kwa moja kule alikozoea. Na mlango ulifunguka. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia, kwa sauti ile ile, kwamba hapo iko yeye na viazi tu. Sasa nikilikumbuka hilo nataka kupiga mtu, na sijui nianze na nani.

Mama Wambui alihama wiki iliyofuata, magunia juu ya mkokoteni, kwenda Mamboleo kule malori yanakosimama, ambako watu wanapita tu na hawana muda wa kujua habari za majirani. Chumba chake kilichukuliwa na fundi cherehani. Ukaguzi uliofuata Sajini alikimbia akakuna mlango ule ule, fundi akatoka kuuliza mbwa huyu ni wa nani. Walimchukua mbele yetu. Baba alisema si wake. Kwa hiyo uongo wangu haukumwokoa hata yule niliyedanganya kwa ajili yake.

Nilijua mambo haya yote yanavyoungana nikiwa mwalimu kijana Muhoroni. Bwana mifugo alikuja kufundisha darasa langu, akaleta kichwa cha kondoo aliyekufa kwa kuzunguka. Alipasua fuvu mbele ya watoto, akatoa kifuko cheupe chenye maji na kukiinua, na mimi nikashika shingo yangu. Alieleza: kondoo, ubongo, mbwa anayepewa ubongo, mavi ya mbwa, na duara linaanza upya. Nilisimama nyuma ya darasa nikaona duara lile lililochimbwa kwenye nyasi za Dani na sisi tukilizunguka tukicheka.

Wikendi hiyo nilikwenda nyumbani nikamweleza Mama. Nilichora hata kwenye karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na yule mama yuko wapi siku hizi?" Nikamwambia bado yuko Mamboleo, nimesikia. Akasema niende mimi nikamweleze, yeye hana uso wa kumtazama. Nikakataa. Nilimwambia aliyebeba chupa mlango kwa mlango ndiye aende. Tukagombana vizuri. Na kutoka siku hiyo hatukwenda, si yeye si mimi, kila mmoja akimngoja mwenzake, miaka mingi sana, na Mamboleo ni pale tu, ukiamka mapema unakwenda na kurudi kwa miguu kabla ya chai ya saa nne.

Sasa nimekwenda. Niliondoka na chupa ndani ya mkoba, imefungwa kwa kile kile kitambaa cha Mama. Nilimkuta nyuma ya duka la mjukuu wake, amekuwa mdogo, kilemba kimemzidi kichwa, lakini alinitambua kabla sijataja jina. Alinishika shingo, upande wa kulia, akatafuta kovu kwa kidole akalipata. Nikamweleza yote. Kondoo, shoka la Baba, manyoya, swali la daktari, neno langu moja. Niliongea haraka kama mtoto anayesoma kosa lake mbele ya shule. Aliitazama chupa.

"Kumbe ni Sajini," alisema. Akacheka kidogo, akaacha. "Unajua, watu wengi wakisema kitu, hata wewe unaanza kujiuliza. Mimi nimejiuliza. Wajukuu wangu wote wamekulia hapa, na sijawahi kukaa nao wakikula. Nilikuwa naambia Wambui niko na kazi huko nje."

Nilisema pole, neno ambalo tunampa hata mtu aliyejikwaa.

Mjukuu alileta sahani, viazi vya kuchemsha vyenye chumvi juu, mvuke unatoka. Mama Wambui aliisogeza mbele yangu, akanyoosha ncha ya kitambaa cha meza, kisha akashika fimbo yake akainuka. "Wewe kula, mama. Mimi nitakaa hapo nje kidogo." Akatoka, akaketi kwenye benchi, mgongo umenielekea, akitazama malori.

Nilibeba sahani nikamfuata. Nilizunguka benchi nikavuta kigoda, nikaketi mbele yake kabisa, magoti yetu yakigusana, nikala. Mwanzoni alitazama pembeni. Kisha akanitazama, mpaka kiazi cha mwisho, na nilipomaliza akauliza kama chumvi ilitosha.